Maranda yasichomwe, yaingie karoni

Jirani yangu ana kisima uani na shimo la choo nyuma ya nyumba. Kati yake hazifiki hatua ishirini. Maji ya kisima hicho ni maangavu, hayana harufu, na kila jioni anayachemsha kwa ajili ya maziwa ya kopo ya mwanawe. Nilimwambia kuchemsha kunaua vijidudu tu. Naitreti, chumvi ya naitrojeni inayotokana na mkojo na kinyesi cha chooni, haitoki, tena maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Akaweka mwiko chini. "Sasa nifanye nini, kaka?"

Nikamshauri apeleke maji maabara, na hadi majibu yatoke, ya mtoto yachotwe kwingine. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Ikizidi, damu ya mtoto mchanga inaweza kushindwa kubeba oksijeni.

Lakini swali lake ni letu sote Dodoma. Mvua yetu haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na mji unategemea visima vya Makutupora. Tunachokizamisha leo ndicho tutakachokuja kukivuta. Tangu serikali ihamie huku nyumba zinaota kila upande, na nyingi zina karo lake, yaani shimo la maji taka ya choo.

Dawa yenyewe tunaichoma moto. Pita kwa mafundi seremala jioni uone moshi wa maranda. Kule Florida, Marekani, wamejaribu kuyaweka chini ya ardhi ili maji ya karo yapite humo, na mpangilio ndio wenye siri: juu mchanga wenye hewa, ambamo amonia ya mkojo inageuka naitreti, chini yake mchanga uliochanganywa na maranda, ulioloa muda wote. Humo oksijeni inakwisha, bakteria wanakula kaboni ya mbao na kuipumua naitreti badala ya oksijeni, na naitrojeni inapanda hewani kama gesi isiyodhuru. Ukizipindua tabaka hizo umepoteza pesa.

Wengine wanataka tuanze na mitaro ya mvua. Mimi naona tuanze na karo. Mtaro wa Dodoma unakaa mkavu zaidi ya nusu mwaka, na tabaka likikauka kazi inasimama. Karo linapata maji kila siku. Halmashauri ingeweza kuliweka hili kwenye masharti ya kibali cha ujenzi, wakati shimo bado halijafukiwa.

Fundi anayenichimbia karo Nala, hapa Dodoma, ameshaniagiza magunia ya maranda. Nimemsisitizia yawe ya mbao isiyopakwa dawa ya mchwa.