Kuandika mtandaoni kwa mpangilio: kinachomrudia mwandishi

Anayeandika mtandaoni Unguja au Pemba hupewa ushauri wa aina mbili. Kuna wanaomwambia aandike kila siku bila kukosa, matunda atayaona. Kuna wanaomwambia kuandika bila kulipwa ni kumaliza bando na kupoteza wakati. Mmoja anahesabu siku, mwengine anahesabu fedha, na wote wawili wanaipita faida yenyewe. Sehemu kubwa ya faida humfikia mwandishi kabla hajabonyeza kitufe cha kuchapisha. Mtandao unamuongezea mambo mawili: msomaji wa kumsahihisha, na kumbukumbu yenye tarehe ambayo mtu akiitafuta anaipata. Mambo hayo yana uzito, na yana bei yake, hasa visiwani.

Chukua mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani. Kilimo hiki kilianza kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na hadi leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Kazi yao haijui Jumatatu wala Ijumaa. Inafuata bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mpaka mbali. Siku hizo bahari huwa kavu kiasi cha saa nne asubuhi, na mkulima yuko shambani akifunga mbegu kwenye kamba, akikaza vigingi na kuvuna mistari iliyofikisha wiki sita hivi. Yakija maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana, kazi ya baharini hupungua, na hapo ndipo nafasi ya kukaa na kuandika inapopatikana. Ukimwambia aandike kila siku, utamvunja moyo katika bamvua la kwanza tu. Mpango unaomfaa ni makala moja kila baada ya bamvua, yaani mbili kwa mwezi.

Maneno 500 hadi 600 yanatosha. Aandike tarehe na siku ya mwezi wa kuandama, kamba ngapi alifunga, za spinosamu au za kotonii (aina mbili za mwani unaolimwa), zilikaa majini siku ngapi, uzito ukiwa mbichi na uzito ukishakauka, kisha kilichoharibika. Akiona matawi yamekuwa meupe na yanakatika, maradhi yanayowasumbua wakulima hasa wakati wa joto, asiishie kusema mwani umeharibika. Aseme ni mistari ipi, iko kwenye maji mafupi au karibu na mkondo, na hali ya hewa ilikuwaje wiki ile. Mwaka ukigeuka anazo makala 24 hivi. Akizisoma mfululizo ataona jambo ambalo kichwa peke yake hakiliweki, kwa mfano kwamba kotonii yake inaharibika miezi ile ile, mistari ile ile, na kwamba msimu aliodhani ulikuwa mbaya sana ulipungukiwa kilo chache tu. Kichwa hukumbuka hasara kubwa ya mwisho na kusahau zilizotangulia.

Faida hiyo, tuseme kweli, angeipata hata kwenye daftari la skuli. Basi kwa nini mtandaoni?

Kwa sababu daftari halibishi. Mkulima wa Pemba, au wa Kwale nchini Kenya, akisoma kwamba mistari ya maji mafupi imeungua, atauliza mbona haikuhamishiwa maji marefu, na mbegu ilitoka wapi. Swali la namna hiyo linamrudisha mwandishi shambani kupima upya. Hata kabla swali halijaulizwa, anayejua kwamba atasomwa na mtu wa kazi ile ile huacha kukisia. Anatafuta mizani, anahesabu kamba, na neno "nyingi" analibadilisha kuwa nambari. Huu ndio ujuzi ambao mtu huupata kwa kuandika mara kwa mara, na sioni njia nyepesi zaidi ya kuupata kwa asiye na mwalimu karibu.

Kumbukumbu nayo haionekani thamani yake siku inapoandikwa. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme kutoka bara. Hitilafu na matengenezo yake yameelezwa katika taarifa nyingi. Lakini dumu la maji liliuzwa bei gani mtaani kwako, wauza samaki walipata wapi barafu, watoto walidurusu kwa taa gani, hayo yanabaki kwa aliyeyaandika wiki ile ile. Baada ya mwaka kila mtu ana hadithi yake, na bei katika hadithi hupanda kila inaposimuliwa.

Upande wa pili una hoja nzito. Ya kwanza inagusa madai kwamba kuandika mtandaoni kunatuliza nafsi. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika dakika 15, siku nne mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu walipomaliza, lakini miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao. Utafiti huu hutajwa sana, na huachwa nusu yake: maandishi yale hayakuchapishwa popote. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za aina hiyo akakuta faida ipo, ila ni ndogo. Kwa hiyo mwenye dukuduku la moyoni aliandike faraghani na alihifadhi faraghani. Akilichapisha usiku ule ule, wakati bado linamuuma, anachukua maumivu ya utafiti na kuiacha faida yake.

Visiwani jambo hili ni zito kuliko kwengine. Sensa ya 2022 iliihesabia Zanzibar watu 1,889,773, na Pemba peke yake 543,441. Katika jamii ya ukubwa huo, ukiandika "shoga yangu mmoja wa Wete aliyeachika mwezi uliopita", jina hulitaji lakini umelitaja. Kuficha jina hakumsitiri mtu aliyeelezwa mtaa, kazi na tarehe. Njia inayofaa ni kubadilisha vitu viwili kati ya hivyo vitatu, au kumsomea mhusika kabla ya kuchapisha, na akikataa, kuacha. Mwandishi atapoteza makala nzuri kadhaa kwa kanuni hii. Ni hasara ya kweli, na nadhani inafaa kulipwa, maana sitara ya mtu ikishavuliwa hairudishwi kwa kufuta. Anayetaka kuandika habari na siasa aulizie kwanza Tume ya Utangazaji Zanzibar kama kazi yake inahitaji kibali.

Halafu kuna hesabu ya wasomaji. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake, huko Marekani, walichukua watoto wadogo wanaopenda kuchora wakawaahidi baadhi yao cheti wakichora. Wiki moja au mbili baadaye, cheti kikiwa hakipo tena, walioahidiwa walichora kiasi cha nusu tu ya muda wa wenzao. Watu wazima si watoto wa chekechea, lakini anayefungua simu kila nusu saa kuangalia wangapi wamependa anajiingiza njia ile ile: makala ya mwani ikisomwa na watu 40 na picha ya machweo ikipendwa na 900, mwezi wa tatu ataandika machweo. Wasomaji 40 wanaofunga kamba wenyewe wanamfaa zaidi. Angalia hesabu mara moja kwa mwezi, kisha funga. Na fedha za matangazo asizitegemee. Anayehitaji kipato mwezi huu afanye kazi nyengine kwanza, hapa wanaomuonya wana haki.

Gharama ya bando, kinyume na inavyosemwa, ni ndogo mtu akijua inakotoka. Maneno 600 matupu ni kiasi cha kilobaiti 4. Picha moja ya simu isiyopunguzwa inaweza kufika megabaiti 4, sawa na makala elfu moja za maandishi. Punguza upana wake hadi pikseli 1,200 kabla ya kuipandisha, itashuka hadi kilobaiti mia mbili hivi na bado itaonekana vizuri kwenye simu. Andika bila intaneti, ndani ya simu, ili umeme au mtandao ukikatika usipoteze kitu, na weka nakala ya kila makala kwenye kadi ya kumbukumbu. Mitandao ambayo watu waliweka kurasa zao hufungwa: GeoCities ilifungwa mwaka 2009, Google+ mwaka 2019, na kurasa za watu zikaondoka nazo.

Linalowaangusha wengi ni kukatiza kuandika. Ramadhani inakuja, saa zote zinageuka. Pemba karafuu zinaiva, na mtu anayechuma mchana na kuchambua usiku hana nguvu ya kuandika. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliotoka 2010 na kuhusisha watu 96, ulikuta tendo jipya la kila siku lilichukua kwa wastani siku 66 kuwa mazoea, wengine 18, wengine kwa makadirio hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mengi ya matendo yale yalikuwa mepesi, kama kunywa maji au kula tunda. Kuandika makala hakutakuwa jepesi hivyo, basi kufungwe kwenye jambo ambalo tayari lipo: Alasiri ya siku ya kwanza ya maji mafu, kwa mfano. Wakati wa karafuu inatosha kuandika mstari mmoja kila usiku, pishi ngapi zimechumwa na mvua ilinyesha au la. Msimu ukiisha mistari hiyo ndiyo makala ya kwanza ya kurudi, na haina haja ya kuanza kwa kuwaomba wasomaji radhi.