Helios na sentimita tatu na nusu za uso

Ukifunga Helios 44-2 kwenye kamera ya leo, jiandae kuulizwa kama imeharibika. Ni lenzi ya chuma ya milimita 58, iliyotengenezwa kwa wingi katika kiwanda cha KMZ kule Krasnogorsk, jirani na Moscow, kwa ajili ya kamera za Zenit. Haina mota wala chipu, na haiambii kamera chochote. Wenzangu wanaokula kwa kupiga picha za harusi huiita chuma chakavu, na kwa kweli wana hoja.

Kamera zao hutambua jicho zenyewe na kulifuata bibi harusi akiwa anatembea. Lenzi kama Sigma ya milimita 85 f/1.4 Art ya mwaka 2016 ina vipande 14 vya kioo ndani yake. Helios ina 6. Tofauti hiyo inaonekana: pembe za picha ya Helios ni laini kupita kiasi, na jua likiipiga usoni, picha nzima hupauka kama kanga iliyosahaulika kambani. Halafu kuna kuvu. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja anajua unyevu unavyofanya kazi yake ndani ya kabati: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinatambaa juu ya kioo, na zikikaa sana zinakula hata rangi ya kinga. Niliwahi kununua moja niliyoambiwa kioo chake ni safi. Nilipoimulika kwa tochi nyumbani, nilikuta bustani.

Kwa hiyo sitetei lenzi hizi kwa ubora wa kioo. Wala sizitetei kwa sababu ambayo mashabiki wake huitanguliza, yaani ule mzunguko wa nyuma ya mtu, majani yanapoonekana kama maji yanayozunguka shimoni. Mzunguko huo hauna siri. Helios inafuata mchoro wa Biotar, lenzi ya Carl Zeiss Jena ya miaka ya 1930, ambao Wasovieti waliuchukua baada ya vita. Mwanga unaoingia kwa mshazari hukatwa na kingo za lenzi, hivyo vile viduara vya mwanga vilivyo mbali na katikati hubanwa vikawa kama kokwa za tende, vikajipanga kuizunguka picha. Punguza tundu la mwanga hadi f/4 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo) na karibu yote yanakwisha. Watu wako tayari kuulipia: mwaka 2013 kampuni ya Lomography ilichangiwa zaidi ya dola milioni 1.3 ili kufufua lenzi ya picha za watu iliyobuniwa na Joseph Petzval huko Vienna mwaka 1840, na kilichowavuta wengi ni mzunguko huohuo. Lakini ni sukari tu. Picha ya kwanza inashangaza, ya tatu inachosha, na programu ya simu inaweza kuiga kitu kinachokaribiana nao. Kama hoja yetu ni hiyo, wenzangu wa harusi wameshashinda.

Hoja yangu mimi iko kwenye sentimita tatu na nusu.

Kaa mita moja mbele ya mtu, fungua Helios hadi f/2 kwenye kamera ambayo sensa yake, yaani kipokea mwanga, ni ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, na eneo litakaloonekana kali ni kama sentimita tatu na nusu tu kwa kina. Kutoka ncha ya kope hadi sikio ni mbali zaidi ya hapo. Mtu akipumua tu, au akageuza shingo kidogo kumjibu mtoto aliye mlangoni, jicho limeshatoka. Nimekaa na namba hii miaka mingi na bado inanisumbua, kwa sababu maana yake ni kwamba huwezi kupiga uso wote. Lazima uamue: jicho lipi? Au ni mdomo? Au ile kovu juu ya nyusi ambayo mwenyewe angependa isionekane? Kamera ya kisasa inalijibu swali hilo mara nyingi kwa sekunde moja, na kwa kawaida inajibu vilevile, jicho lililo karibu zaidi. Ni jibu zuri, lakini hukulitoa wewe.

Pete ya mkono, ile ya kwenye lenzi unayoizungusha ili picha iwe kali, inakulazimisha ulitoe. Unaizungusha hadi inapokaribia, kisha unaiacha na kuanza kuyumba na mwili wako mbele na nyuma, kidogo sana, ukisubiri. Anayepigwa picha anakuona unahangaika. Mjomba wangu, nilipompiga picha barazani kwake, alivumilia dakika mbili hivi, kisha akasema, "Mwanangu, mashine yako imekwama?" Nikamjibu, "Bado kidogo, mjomba." Akacheka, akashusha mabega, akaacha ule uso wa picha ya kitambulisho aliokuwa ameuvaa tangu nitoe kamera. Sidai kwamba lenzi ndiyo iliyomchekesha. Ila kwa lenzi ya harusi ningekuwa nimeshamaliza kabla hajauliza.

Hapa mpinzani makini ana jibu, na ni jibu zito. Fokasi ya otomatiki, yaani kamera kujitafutia ukali yenyewe, ilienea baada ya Minolta 7000 ya mwaka 1985. Kabla ya hapo karibu kila picha nzuri ya uso ilipigwa kwa mkono kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, na sisi tunazikumbuka zilizofaulu tu. Zilizokosa fokasi ziliishia jalalani. Mfano unaotajwa zaidi ni picha ya Sharbat Gula, msichana wa Kiafghanistan aliyepigwa picha na Steve McCurry mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi karibu na Peshawar, kwa Nikkor, lenzi ya Nikon, ya milimita 105 f/2.5. Haina mzunguko wowote nyuma. Ni macho tu, makali kabisa. Lakini ulimwengu ulilijua jina la msichana huyo mwaka 2002, miaka 17 baada ya uso wake kutokea kwenye jalada la National Geographic. Pete ya mkono haikumfundisha mpiga picha kuuliza jina. Hilo nalikubali bila kupindisha: polepole ya lenzi inakupa nafasi ya kumwangalia mtu, na kuitumia nafasi hiyo ni juu yako.

Hata hivyo, wanaosema ni mapenzi ya zamani au umaskini tu hawajaangalia jinsi lenzi hizi zilivyorudi. Zimerudishwa na kamera mpya. Lenzi ya M42, yaani ya kufungwa kwa skrubu, kama Helios inahitaji kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kwenye Nikon za zamani umbali huo ulikuwa 46.5 tayari, kwa hiyo bila kioo cha ziada ndani ya adapta vitu vya mbali havikai sawa. Kamera za Sony zilizoondolewa kile kioo cha ndani kinachoruka kila unapopiga, zilizoanza mwaka 2010, zina milimita 18 tu, na nafasi iliyobaki inajazwa na adapta ambayo ni bomba tupu. Ongeza skrini inayokuza jicho na kupaka rangi kwenye kingo zilizo kali, na Helios inatumika kwa urahisi ambao mwenye Zenit hakuupata. Tena Cosina ya Japani inaendelea hadi leo kuuza lenzi mpya za fokasi ya mkono kwa jina la Voigtländer, kazi iliyoianza mwaka 1999, na si za bei ya kutupa. Wanunuzi wake hawakushindwa kumudu mota.

Harusini siibebi. Bwana harusi hatarudia kuvisha pete kwa sababu mimi bado nayumba. Barazani naibeba, na hasara yake naijua: siku ile ya mjomba nilipiga picha zaidi ya thelathini, tano zikatoka kali jichoni. Wanawe walipochagua ya kukuza wakaziacha zote tano. Walichukua ile anayocheka, ambayo fokasi imeangukia kwenye viua vya kofia. Kila nikikaa sebuleni kwao naiona kofia kwanza.