Kiraka juu ya kutu sio matengenezo

Naandika hii mikono bado myekundu kwa kutu, maana wiki ya tatu sasa nashinda chini ya pikapu, Land Rover 109 Series III, na kuna jambo limenikaa rohoni. Jamani wenye magari ya zamani hapa Tanga na pwani yote, tuache kuchomelea kiraka juu ya kutu. Huko ni kufunika tu, hakuna kilichotengenezwa hapo.

Hii gari niliinunua kwa mtu (simtaji, yameshapita), bodi safi, rangi inang'aa, chini kumepakwa lami nyeusi tii, nikasema hapa nimepata gari. Kumbe ndo zinavyodanganya hizi. Bodi ya Land Rover ni alumini, zilianza hivyo 1948 kwa sababu baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa cha mgao, sasa bodi inaweza kukaa miaka 50 haina neno huku chesisi yake ya chuma, ile fremu inayobeba gari zima, imeoza hapo chini na we unazunguka unasifia milango.

Siku niliyochukua nyundo ndogo nikaanza kugonga kutoka mbele narudi nyuma ndo nikajua nilichonunua. Chuma kizima kinalia na nyundo inaruka inarudi. Kilichooza hakilii, kinatoa sauti nzito kama unagonga papai, na nilipofika pale springi ya nyuma kushoto inaposhikwa nyundo ikazama. Nikabandua lami nikakuta pati (ule udongo wa kuzibia bodi), nikabandua pati nikakuta kipande cha bati la debe kimechomelewa vidoti vidoti, na nyuma ya bati hakuna chuma, ni unga unga tu unamwagika. Nilikaa pale chini kimya muda mrefu sana maana juzi yake nilikuwa nimewapakia watoto wa dada yangu watano huko nyuma tunaenda Pangani.

Chesisi ya gari hii ni boksi, yaani mabamba manne yameunganishwa kwa weldingi yakawa kama bomba la pembe nne, na chini wameacha matundu maji yatoke. Matundu yakiziba tope basi maji yanalala humo humo, na huku kwetu kuna hewa ya bahari, chumvi inavuta unyevu hata kama mvua haijanyesha miezi, kwahiyo kutu inakula kutoka ndani inakuja nje. Ukianza kuiona nje ujue ndani ilishamaliza kazi zamani. Mi nimetoa karibu ndoo nzima ya udongo mwekundu na nyumba za nyigu juu yake, gari ilikuwa ya shamba la mkonge huko nyuma, miaka yote hiyo ilikuwa inatembea na shamba tumboni.

Sasa fundi atakwambia bosi hapa tunatupia bamba juu, jioni unaondoka. Kataa. Weldingi haishiki kwenye kutu, inashika kwenye chuma, na ukichomelea juu ya kutu ile kutu inaendelea kula chini ya kiraka na safari hii huioni tena. Kata mpaka ukutane na chuma cheupe, hata kama tundu lilikuwa la kidole likawa la kiganja, ndo ukubwa wake wa kweli huo. Alafu kuna hili la unene, watu wanaweka bamba la milimita 5 wakidhani nene ndo imara, wakati chesisi yenyewe ni kama milimita 2 na inatakiwa ijipinde kidogo barabarani. Ukiweka kipande kigumu mzigo wote unahamia pale kinapoishia na pembeni yake ndo patapasuka. Tafuta unene unaolingana, na mwisho wa kiraka usiukate wima, kata mshazari au uchonge kama mdomo wa samaki ili weldingi isikatishe chesisi kwa mstari mmoja.

Kabla ya moto toa tanki la petroli, kwenye hii liko chini ya siti ya mbele, litoe kabisa na ulipeleke mbali, na uchomoe betri. Choma kidogo hapa, hamia upande wa pili, rudi, ukichoma mfululizo chuma kinavutika. Mi napima kwa utepe mshazari kona kwa kona kila nikimaliza kipande, vipimo viwili vikianza kutofautiana nasimama hapo hapo.

Na kuna wakati haifai hata kuitengeneza. Kama pameoza sehemu zote zinazoshika springi, tafuta chesisi nzima. Ila namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele kulia pale springi inaposhikwa, na kuna watu wanaikata wanaihamishia kwenye chesisi nyingine kimya kimya, hapo umejiingiza kundi moja na wezi wa magari hata kama gari ni halali yako. Anza na TRA (mamlaka ya mapato) na mkaguzi wa magari wa polisi, uwaeleze, upate karatasi, ndo ufungue bolti.

Najua hela ni ngumu na rangi ndo inayoonekana, mtu anataka apite mjini watu wageuke. Mi nimeamua rangi itasubiri hata mwaka. Krosimemba ya nyuma, kile chuma kinachokingama mwisho wa chesisi, bado haijaisha, ikiisha napaka red oksaidi nje, rangi ya chini ya kuzuia kutu, ndani napuliza grisi laini kwa bomba refu mpaka iingie kila kona, oili chafu sitii, na siku nyingine ukitaka kuchomelea hapo futa grisi kwanza maana nayo inawaka.

Yale matundu ya chini nimeyazibua yote kwa waya. Nikirudi kutoka Pangani naweka mpira wa maji safi kwenye chesisi, siuzimi mpaka maji yanayotoka kwenye tundu la mwisho nyuma yawe meupe.