Dakika 10 baada ya kikao: mazoezi yanasaidiaje tiba ya hofu?

Mtu mwenye wasiwasi uliopitiliza kila anakoenda anaambiwa kitu kilekile, kafanye mazoezi utoe stresi. Wataalamu wengi wakisikia hivyo wanakereka, na mimi nawaelewa, maana mtu aliyebeba kiwewe kizito ukimwambia akakimbie ni kama unamwambia shida yake ni uvivu. Ila kwa kukereka huko wengine wameitupa hoja yote, na ndani yake kuna kitu cha maana sana ambacho hakihusiani kabisa na "kutoa stresi".

Chukua mtu aliyewahi kung'atwa na mbwa. Mtaalamu anamkalisha na mbwa mpole, leo hatua kumi, kesho tano, hadi siku anamshika mgongoni na mapigo ya moyo yametulia. Watu wanadhani pale hofu imefutika. Haijafutika, ubongo umejifunza somo la pili kwamba mbwa anaweza kuwa salama, na somo hilo linaishi pamoja na lile la kwanza, yanagombania usukani. Ndo maana mtu huyohuyo wiki mbili baadaye anakutana na mbwa kwenye njia asiyoizoea, anaganda, mikono inalowa jasho, na anajiona kafeli tiba. Mwanasaikolojia Mark Bouton ametumia miaka mingi maabara kuonyesha hofu inavyorudi: mazingira yakibadilika inarudi, muda ukipita inarudi, likitokea baya jingine moja tu inarudi. Kwahiyo kumtuliza mtu akiwa kwenye kiti sio kazi ngumu sana, kazi ngumu ni kulifanya lile somo jipya lishike.

Na kumbukumbu haishiki palepale, inaendelea kukomaa kwa masaa kadhaa baada ya mtu kujifunza. Hapo ndo mazoezi yanapoingia. Mwili ukichemka ubongo unaongeza protini inaitwa BDNF, ambayo inasaidia seli za neva kuimarisha miunganiko yao. Mwaka 2010 jarida la Science lilitoa utafiti wa panya waliowekewa BDNF moja kwa moja kwenye sehemu ya mbele ya ubongo inayodhibiti hofu, na hofu yao ikashuka hata bila kupitishwa kwenye mafunzo ya kuizima. Yaani protini hiyo inagusa palepale tiba ya hofu inapopambana kufika.

Sasa kuna utafiti mmoja ambao mimi haunitoki kichwani. Richard Bryant na wenzake, Australia, kwenye jarida la Lancet Psychiatry mwaka 2023: watu wazima 130 wenye PTSD, yaani kiwewe kinachobaki kumsumbua mtu baada ya tukio la kutisha, wote wakapewa tiba ileile ya kukabili kumbukumbu ya tukio, vikao 9 vya dakika 90, kimoja kwa wiki. Kila kikao kikiisha kundi moja linafanya mazoezi ya kupandisha mapigo ya moyo dakika 10, lingine linanyoosha viungo taratibu dakika 10. Miezi 6 baadaye waliofanya mazoezi walikuwa na dalili chache kuliko wenzao. Piga hesabu tu, dakika 10 mara 9 ni dakika 90, yaani mazoezi yote ya tiba nzima yanaingia kwenye muda wa kikao kimoja! Huwezi kuniambia hapo mtu kapata nafuu kwa sababu amekuwa fiti, dakika 90 zilizotawanywa kwenye wiki 9 hazimjengi mtu pumzi. Kwangu mimi maelezo yanayoingia akilini ni muda wenyewe, mazoezi yamekuja pale somo la usalama likiwa bado bichi.

Wanaopinga nao wana hoja, na sio nyepesi. Utafiti mmoja wa watu 130 bado ni mmoja. Halafu Ujerumani mwaka 1998 Broocks na wenzake waliwapima watu 46 wenye mashambulio ya hofu kwa wiki 10, kukimbia kukawashinda vidonge bandia, ila dawa ya klomipramini ikafanya kazi haraka zaidi na vizuri zaidi, na kwenye kundi la wakimbiaji 31% waliachia njiani wakati kwenye dawa hakuacha hata mmoja. Hiyo 31% inauma, kwa sababu anayeacha mara nyingi ndiye aliyekuwa anahitaji zaidi. Ila angalia vizuri, pale mazoezi yaliwekwa yawe tiba yenyewe. Dakika 10 za kina Bryant hazikuchukua nafasi ya tiba, ziliibeba.

Wengine wanaogopa kwamba moyo kwenda mbio utamwamshia mtu shambulio, na hofu hii ina mizizi, tangu 1967 ilishaonyeshwa kwamba laktati, kemikali ambayo mwili unaitoa kwa wingi kwenye mazoezi makali, ikiingizwa mshipani inaweza kuwasha shambulio la hofu kwa watu wenye tatizo hilo. Lakini mtu huyu akipanda ngazi anasimama ghorofa ya pili, mkono kifuani, anahesabu mapigo, anasubiri kufa, hafi, na pumzi inarudi. Akirudia hivyo kwa mpangilio anajifunza kwamba moyo kudunda sio kifo. Kwa mtu wa aina hii mazoezi yanaweza kuwa darasa lenyewe.

Kinachonitia wasiwasi kweli ni kingine. Kama kweli mazoezi ni gundi ya kushikisha somo, gundi haichagui inachogandisha. Kwenye D-cycloserine, dawa iliyojaribiwa kwa lengo hilohilo la kukomaza somo, ilionekana inasaidia pale hofu inapokuwa imeshuka kikaoni, na kikao kikiisha mtu bado anatetemeka inaweza hata kumrudisha nyuma. Kwahiyo mimi ningekuwa mtaalamu, kabla ya kumwambia mtu inuka tukimbie ningemuuliza kwanza, kutoka sifuri hadi kumi hofu yako sasa hivi iko ngapi? Akisema nane, tunakaa kwanza.