Senti ya Denver ya 1914 na Udhaifu wa Jedwali

Wakusanyaji wengi wa senti za Marekani zenye sura ya Rais Abraham Lincoln hupima thamani kwa jedwali la idadi iliyotoka katika kila kiwanda cha sarafu. Hoja yao ina msingi, kwani idadi hiyo iliandikwa na kiwanda chenyewe, ilhali idadi ya sarafu zilizosalia leo ni makadirio tu. Isitoshe, senti ya kiwanda cha San Francisco ya 1909 yenye herufi VDB za msanii wake, Victor David Brenner, ambayo zilitengenezwa 484,000 pekee, huuzwa ghali hata ikiwa imechakaa.

Hata hivyo, jedwali hilo halina jibu kwa senti ya kiwanda cha Denver ya 1914. Zilitengenezwa zaidi ya 1,190,000, na zile za San Francisco za 1931 zilikuwa 866,000. Lakini ya 1914 ndiyo yenye bei kubwa, na pengo hilo hupanuka mno kwa sarafu ambazo hazijatumika na bado zina wekundu wa shaba. Sababu yake ni mapokezi ya watu. Mwaka 1931, uchumi ukiwa umedorora, uchache wa senti zile ulijulikana mapema, na wanunuzi wakazihifadhi zikiwa mpya. Mwaka 1914 ni wachache mno waliojali herufi ndogo D, alama ya kiwanda cha Denver, iliyo chini ya tarehe: senti hizo zilinunua bidhaa, zikarudishwa kama chenji, zikasuguana mifukoni, na kadi zenye matundu ya kupanga senti kwa mwaka na kiwanda zilipoenea katika miaka ya 1930, zilikuwa zimeshatumika kwa takriban miaka 20. Hata ile ya 1909, ambayo watu waliiweka tangu mwanzo kwa sababu sura yake ilikuwa mpya, hupitwa kwa bei na ya Denver pale zote mbili zinapokuwa katika hali bora kabisa.

Kwa maoni yangu, basi, swali la kwanza la mthamini ni nani aliihifadhi sarafu, na lini.

Waghushi nao wanaujua uhaba huo, kwani huchukua senti ya Denver ya 1944 na kuichonga tarakimu 4 ya kwanza iwe 1. Nafasi kati ya 9 na 1 hubaki pana kupita kawaida, na begani mwa Lincoln huonekana herufi VDB, ambazo ziliondolewa mwaka 1909 na hazikurudishwa hadi 1918.