Vihatarishi Vinavyoanzia Juu ya Kitonga

Mwalimu wa Rungwe, muuguzi wa Mafinga na mhasibu wa kiwandani Iringa wana jambo moja linalowaunganisha hata kama hawajawahi kuonana: kila mwezi sehemu ya mshahara wa kila mmoja wao, pamoja na mchango wa mwajiri, huenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na jumla ya michango hiyo hufikia asilimia 20 ya mshahara. Fedha hizo hazikai kabatini. Hununua hatifungani za Serikali, yaani hati za mkopo ambao Serikali huulipia riba hadi muda wake uishe, hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, majengo, na huwekwa katika mabenki kama amana za muda maalumu. Kwa hiyo namna PSSSF (mfuko wa watumishi wa umma), NSSF (mfuko wa sekta binafsi), mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS na kampuni za bima zinavyopima hali ya soko ni jambo linalogusa uzee wetu moja kwa moja, na hatuwezi kuliacha mikononi mwa wataalamu wa Dar es Salaam bila kuuliza lolote. Maoni yangu ni kwamba taasisi hizi husoma bei vizuri, lakini huchelewa kusoma visababishi vya bei, na baadhi ya visababishi vizito huanzia huku kwetu, kwenye mashamba na mipaka ya Nyanda za Juu Kusini, juu ya mlima Kitonga ambao barabara itokayo Dar es Salaam huupanda kuja huku.

Nianze na kile wanachokifanya vyema. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inaendesha sera ya fedha kwa kutumia riba, na Riba ya Benki Kuu ilianzia asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo huo, kisha ikashushwa hadi 5.75 mwezi Julai 2025. Meneja wa mfuko makini haishii kwenye namba hiyo, bali husoma tamko la Kamati ya Sera ya Fedha ili kujua ni hofu gani iliyoisukuma. Baada ya hapo hugeukia minada ya hatifungani, na hapo ndipo soko linaposema bila kuficha. Waombaji wakileta fedha nyingi kuliko kiasi ambacho Serikali inahitaji, faida itakayopatikana hushuka. Wakileta pungufu, maana yake wenye fedha wanadai walipwe zaidi kabla ya kukubali kuzifunga kwa miaka 20 au 25. Meneja huyo hulinganisha faida hiyo na mfumuko wa bei, ambao kwa miaka ya karibuni umezunguka asilimia 3, hutazama kama akiba ya fedha za kigeni inatosha kuagiza bidhaa kwa angalau miezi minne, na hukagua mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa kwa wakati, ya mabenki ambamo mfuko umeweka amana.

Umakini huo una thamani kubwa, na mfano mmoja unatosha kuonyesha ukubwa wake. Hatifungani ya kwanza ya miaka 25 ilitolewa mwaka 2021 ikiwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata riba ya hatifungani za muda huo ilipunguzwa hadi asilimia 12.56. Kwa hatifungani yenye thamani ya shilingi bilioni moja, tofauti hiyo ni shilingi milioni 33.9 kila mwaka, kwa miaka 25. Mfuko uliosoma dalili mapema na mfuko uliosubiri haviwezi kuwalipa wanachama wake sawasawa, hata kama vyote viwili vimenunua karatasi ya Serikali ile ile na kukaa nayo hadi mwisho.

Hata hivyo, kusoma riba ni nusu tu ya kazi. Kihatarishi kinachoangusha taasisi kubwa mara nyingi hakitokani na kununua kitu kibaya, bali na kulazimika kuuza kitu kizuri katika wiki mbaya. Chukua hatifungani ya miaka 20 yenye riba ya asilimia 12.10. Ikitokea soko likaanza kudai asilimia 15.5, anayetaka kuiuza mapema atapata takriban shilingi 79 kwa kila shilingi 100 alizoweka. Anayeweza kusubiri hapotezi hata senti moja ya mtaji wake, lakini asiyeweza kusubiri hupoteza takriban moja ya tano ya mtaji wake, na hasara hiyo hairekebishiki, kwa sababu fedha iliyopotea haizalishi tena. Watu wote wawili wanashika karatasi moja, na wanachotofautiana ni tarehe ambayo watahitaji fedha taslimu.

Uingereza ililijua hilo kwa uchungu mwezi Septemba 2022. Mifuko mingi ya pensheni nchini humo ilikuwa imeingia mikataba iliyoiwezesha kumiliki hatifungani nyingi kuliko fedha iliyokuwa nayo, kwa sharti la kuweka dhamana zaidi iwapo bei zingeshuka. Serikali ilipotangaza punguzo kubwa la kodi bila kueleza pengo lingezibwaje, bei za hatifungani za muda mrefu zilianguka, wadai wakataka dhamana iongezwe mara moja, mifuko ikauza hatifungani ili ipate fedha, na mauzo hayo yakazidi kuziangusha bei. Tarehe 28 Septemba Benki Kuu ya Uingereza ililazimika kuingia sokoni kama mnunuzi, ikatangaza utayari wa kununua hadi pauni bilioni 65, ingawa mwishowe ilinunua kama bilioni 19. Hakuna aliyekuwa amenunua karatasi za kampuni mbovu. Walikuwa na hatifungani za Serikali ya Uingereza, ambazo vitabu vyote vilikuwa vinaziita salama.

Kwa sababu hiyo naamini tathmini ya soko inapaswa kuanza na kalenda ya malipo ya mfuko wenyewe. Hapa kwetu mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, umezungumzwa kwa hisia nyingi, na haki yake, kwa kuwa unahusu jasho la mtu. Lakini una upande wa uwekezaji ambao haukupata nafasi ya kutosha. Mwaka 2024 Serikali ilipokubali kuongeza mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja, wa kundi kubwa la watumishi kutoka asilimia 33 hadi 40, uamuzi ule, ambao binafsi niliufurahia, ulibadilisha pia kiasi cha fedha taslimu ambacho mfuko unapaswa kuwa nacho siku mtumishi anapostaafu. Mfuko uliokuwa umefunga fedha nyingi kwenye majengo na hatifungani ndefu ulihitaji kujipanga upya. Sera ya mafao nayo ni hali ya soko, na anayeiweka kwenye jalada la siasa peke yake hajakamilisha hesabu.

Lipo pia swali ambalo wengi hulisogeza pembeni: itakuwaje iwapo mkopeshwa mwenyewe, yaani Serikali, atashindwa? Sisi watu wa Mbeya na Songwe hatuna udhuru wa kulipuuza, kwa sababu mwezi Novemba 2020 jirani yetu ng'ambo ya Tunduma, Zambia, alishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 kwa wawekezaji wa kimataifa. Ghana nayo mwezi Desemba 2022 ilitangaza mpango wa kubadilisha hatifungani za ndani kwa nyingine zenye masharti mabaya zaidi, na mifuko ya pensheni ilikuwa ndani ya mpango huo hadi vyama vya wafanyakazi vilipotishia mgomo ikaondolewa. Sisemi kwamba Tanzania iko kwenye njia hiyo. Ninachosema ni kwamba mabenki na mifuko ya pensheni ndio wamiliki wakubwa wa deni la ndani la nchi yetu, na kwa hiyo kuiita hatifungani ya Serikali “isiyo na kihatarishi” ni kuacha kuipima pale ambapo kipimo kinahitajika zaidi.

Sasa nirudi juu ya Kitonga, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona pengo.

Mwezi Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Kwa Malawi, lilikuwa jibu kwa zuio lililowekwa mwezi uliotangulia dhidi ya mazao kadhaa, yakiwemo mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Zuio letu liliondolewa kabla mwezi haujaisha, baada ya mazungumzo. Kwa anayetazama bodi ya Soko la Hisa pale Dar es Salaam, hakuna kilichotokea. Kwa mkulima wa ndizi Rungwe, mfanyabiashara wa mchele Kyela na mwenye lori linalopita Kasumulu, yalikuwa majuma ambayo mzigo unaooza haukuwa na pa kwenda, huku rejesho la mkopo likibaki na tarehe yake ile ile. Mikopo hiyo imetolewa na mabenki ambamo mifuko yetu ina amana na hisa. Mchambuzi aliyesubiri takwimu za mikopo chechefu atakuwa ameisoma habari hiyo miezi kadhaa baadaye, ikiwa imechanganywa na za nchi nzima kiasi cha kutoonekana.

Ukame wa Zambia ni mfano mzito zaidi. Februari 2024 nchi hiyo ilitangaza janga la kitaifa, na kufikia Juni Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulikuwa umekubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Mvua iliyokosekana kusini mwa Zambia ikawa soko kwa Songwe, Rukwa na Ruvuma, mahitaji ya malori, shinikizo kwenye bei ya unga, na, kwa kuwa umeme wa maji unaotegemewa na migodi ya shaba ulipungua, tatizo kwa mizigo inayopita Tunduma kwenda bandarini. Jambo moja la hali ya hewa likagusa mfumuko wa bei, mapato ya forodha na biashara ya mabenki kwa wakati mmoja, na si yote yalikuwa mabaya. Dalali wa mahindi wa Vwawa huona wanunuzi wageni na kusikia bei zinavyosogea wiki nyingi kabla takwimu hazijachapishwa. Benki Kuu ina tawi Mbeya na hutoa taarifa ya uchumi wa kanda kila robo mwaka, kazi ninayoiheshimu, lakini kwa asili yake taarifa hiyo hueleza robo iliyokwisha.

Kuhusu Tunduma, kuna swali la miaka 15 au 20 ijayo ambalo kila mwenye hatifungani ndefu anapaswa kuwa nalo mezani. Shaba ya Zambia na Kongo inatafutiwa njia ya magharibi kupitia bandari ya Lobito nchini Angola, huku TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye urefu wa kilomita 1,860, ikiingizwa mwaka 2025 katika makubaliano ya ukarabati ya dola bilioni 1.4 na kampuni ya Kichina. Upi kati ya ushoroba huu na ule utashinda, au vitagawana mzigo vipi, ni suala linalobeba ajira za Mbeya na Makambako, na thamani ya maghala na hoteli zote za kando ya barabara. Hiki ndicho hasa wataalamu wanachokiita kihatarishi kinachoibuka: hakina historia ya kutosha kukokotolewa kwa wastani wa miaka iliyopita, kwa hiyo njia ya uaminifu ni kuandika hali tatu au nne zinazowezekana na kupima mfuko ungesimamaje katika kila moja.

Nimewahi kusikia hoja kwamba mfuko wenye matrilioni hauwezi kufuatilia ndizi za Tukuyu. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa gharama, lakini inasahau historia ya karibu. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Wakati huo bima ya amana ilimlinda mwenye akaunti hadi shilingi milioni 1.5 tu. Benki inayokopesha watu wa wilaya chache wanaolima mazao yanayofanana hubeba kihatarishi kimoja kilichoandikwa kwa majina mengi ya wakopaji, na hilo haligunduliki kwa kusoma mizania peke yake. Linagunduliwa na mtu anayejua msimu, anayejua viazi vimeuzwa kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa bei gani, na anayejua nani amelipwa na nani anadai.

Wawekezaji wa nje hutuonyesha upande mwingine wa jambo hili. Mashamba ya chai ya Mufindi yaliyokuwa ya Unilever yaliingia mikononi mwa kampuni ya uwekezaji ya CVC mwaka 2022 kama sehemu ya biashara ya chai ya dunia nzima, na mwaka 2024 mmiliki huyo mpya akatangaza kuyauza mashamba ya Afrika Mashariki kwa kampuni ya Sri Lanka. Katika majedwali yao Mufindi ilikuwa mstari mmoja. Sitaki mifuko yetu wenyewe ituone hivyo.

Ninachopendekeza hakihitaji jengo jipya. Kila mfuko uwe na wachambuzi wachache wanaoishi kwenye kanda, na taarifa zao zifike kwenye kamati ya uwekezaji bila kupita kwa watu kumi wa kuzilainisha. Matokeo ya kupima mfuko dhidi ya hali ngumu, kwa mfano shilingi kushuka sana, riba kupanda kwa asilimia tatu, au mpaka kufungwa kwa msimu mmoja, yachapishwe kwa Kiswahili kinachosomeka na mwanachama. Na miradi ya huku ipimwe huku. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikusanya fedha kwa hatifungani ya kijani, yaani ya kugharimia miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, na si ajabu siku moja mamlaka ya maji ya mji wa nyanda zetu ikafuata njia hiyo. Siku hiyo ikifika, mfuko usitosheke na riba iliyoandikwa kwenye waraka. Utume watu mwezi Oktoba, kabla ya mvua, wapime maji yaliyobaki mtoni, wahesabu mashamba yaliyopanda hadi kwenye chanzo, waulize wateja wangapi hulipa ankara kwa wakati, kisha taarifa yao wanachama waione kabla fedha haijatoka.