Sikio la yaya kule Kadutu

Jirani yangu hapa Uingereza ni mama kiziwi anayeishi peke yake na mbwa wake, cocker spaniel wa kahawia. Siku ya kwanza kumtembelea nilibonyeza kengele, na kupitia kioo cha mlango nikamwona mbwa akikimbilia jikoni na kumgusa goti kwa pua. Mama akamwuliza kwa mkono: nini? Mbwa akageuka, akamleta mpaka mlangoni. Hapohapo nikamkumbuka yaya, dada yangu mkubwa, aliyepoteza masikio utotoni kwa homa ya uti wa mgongo.

Yaya anaishi Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu kule Kongo, kwenye zile nyumba za mbao zilizobanana mlimani. Mgeni akibisha, mtoto yeyote wa parseli, yaani wa uwanja wetu wa nyumba, anakimbia kumvuta kitenge. Mwanawe alipokuwa mchanga, yaya alilala na utepe wa kitambaa uliofungwa mkononi mwake na mguuni mwa mtoto, ili mtoto akirusha miguu kwa kilio, mama aamke. Kwa hiyo nilizoea kujivuna: sisi tuna watu, wazungu wana mbwa.

Sijivuni tena. Usiku mmoja kule Kadutu nyumba ya jirani yao ilishika moto. Watu walitoka mbio wakipiga kelele, kila mmoja akidhani mwenzake amemwamsha yaya. Kaka yetu alirudi ndani akamkuta amelala usingizi mzito, moshi umeshaingia chumbani. Watu walikuwepo wengi, na wanampenda. Ila hakuna aliyekuwa ameambiwa: wewe ndiwe sikio lake.

Mbwa wa jirani yangu ameambiwa. Shirika la Hearing Dogs for Deaf People limekuwa likifundisha mbwa kama huyu wa kuwasikilizia viziwi tangu 1982. Mtoto wa mbwa huanza kulelewa na watu wa kujitolea akiwa na wiki kama 8, kisha hufundishwa sauti moja moja: kengele, saa ya kuamkia, kilio cha mtoto. King'ora cha moshi kikilia, anamgusa mwenye mbwa kisha analala chini badala ya kumwongoza kwenye sauti, maana huko ndiko kwenye hatari. Anavaa kikoti cha rangi ya damu ya mzee, na sheria ya usawa ya 2010 inamkataza dereva wa teksi kumkatalia. Kikoti hicho nakionea wivu kuliko vyote. Uziwi hauonekani. Yaya akitembea Kadutu, motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anampigia honi mgongoni, kisha anamtukana: "Uko kiziwi?" Ndiyo, ni kiziwi.

Sisemi tulete spaniel Bukavu. Mbwa wetu ni wa getini, watoto wanamrushia mawe, na nyama ya kumlisha hata watu hawaipati. Ninachotaka ni kila parseli yenye kiziwi iwe na mtu mmoja anayejulikana, na wa pili akisafiri huyo wa kwanza.

Kwetu tumeanza. Binti wa kaka anayelala chumba cha pili ndiye sikio la usiku. Mgeni au mtoto: anambana bega. Moto: anamwekea kiganja kifuani, anakandamiza. Jumapili walijaribu, nami nikitazama kwa simu. Yaya alihisi kile kiganja, akaketi, akauliza kwa mkono: moto? Binti akaitikia kwa kichwa. Yaya akatoka nje bila viatu, bila hata kutafuta kitenge.